Tajiri wa Kikombe cha Bati

"Tajiri gani anakunywa chai kwenye kikombe cha bati?" Fundi aliuliza, kijiko kikiwa hewani. "Sikia kinavyogonga meza. Kwang! Wanatuona mazuzu."

"Kula, Mzee," mkewe alisema.

Akala. Mkewe alikwisha kuijua dawa yake. Tangu Fundi afunge karakana yake ya kutengeneza televisheni, chakula kilikuwa kimemshinda, akakonda hadi shati likamvaa yeye. Kilichomfungua mdomo ni tamthilia ya jioni tu. Akiitukana, anatafuna. Ikiisha, anasukuma sahani.

Na cha kutukana hakikukosekana. Mlango wa jumba la kifahari ulilia kama wa jikoni kwao. Muziki ulikuwa umeondolewa, hata matangazo. Waigizaji waliokuwa kijiji kizima sasa walibaki wawili: mjane mgonjwa, na tajiri anayetaka kumpora nyumba.

"Wengine wote wamekufa kwa ajali ya basi," Fundi alisema. "Hadi hakimu, hadi mpishi! Hakimu na mpishi walikuwa wanakwenda wapi pamoja?"

"Harusini," mkewe alijibu upesi.

"Ya nani, kama mtaa mzima ulikuwa ndani ya basi?"

Mkewe alikohoa kuficha kicheko, akamrudishia kijiko mkononi.

"Mwanao bado hajarudi kutoka kazini?"

"Foleni, Mzee."

"Na mkwe?"

"Anaosha vyombo."

"Kila tamthilia ikianza, huyu foleni, yule vyombo. Wana akili. Upuuzi huu wameniachia mimi."

Mjane akaanza kukohoa. "Chukua nyumba," akamwambia tajiri kwa sauti ya kukwaruza. "Mimi sidhani kama nitaiona kesho."

Kijiko kikasimama. "Wanataka kumwua?"

"Labda amechoka tu."

"Wamwue waone. Mjane akizikwa, na mimi sahani msiniletee tena. Sitakaa hapa kumsikiliza yule bwege wa kikombe akijisemesha peke yake."

Mkewe alijua hatanii. Mume wake akisema hatakula, basi hatakula. Sahani ilikuwa imefika nusu, na usiku uliopita haikufika hapo. Akatega sikio, akiomba mjane aseme neno lolote.

Mjane akakohoa tena. Mlango ukalia. Kisha kimya, tamthilia ikaisha bila kujulikana kama yu hai au amekufa.

"Washenzi," Fundi alisema, akasukuma sahani.

Mkwe wao alitoka jikoni akijifuta mikono. "Leo imekuwaje, Baba?" aliuliza, sauti imekauka.

"Takataka, mwanangu. Takataka tupu."

Fundi akainuka. Akapapasa ukuta mpaka kwenye televisheni, akaweka kiganja mgongoni mwake, kama alivyofanya kwa kila televisheni iliyoletwa karakanani kabla macho yake hayajazima. Ilikuwa ya baridi, haina joto la kuwashwa, kama ilivyokuwa tangu siku ya ile ajali ya basi.

"Mama Watoto," alisema, "mkwe mpe asali, koo hilo halitafika kesho. Na mwanao, kabla hajaingia tena kwenye jumba lake la kifahari, autie mafuta mlango wangu wa jikoni."