Alama ya Kidole kwenye Mofa

Haya, nikutegee: mama tumbo lake moto, na watoto wake twawala kwa chai. Umeshindwa? Ni tanuri la mikate ya mofa, na kisa chetu kiko hapo.

Shamsa alifika mjini kutafuta kwao marehemu mama yake, aliyetoroka akiwa kigori na asiutaje mtaa. Akamuuliza mwenye nyumba ya wageni, Bi Mwanate, pa kutembea.

"Sokoni usiende, mwanangu, utauziwa vilivyooza kwa tabasamu. Nenda Mtaa wa Juu alasiri. Tanuri lao ni moja, basi kila nyumba hutia alama yake kwenye mkate, isije ikala wa jirani."

Akaenda. Tanuri kubwa kama chumba, wanawake wamelizunguka, nyuso zinang'aa jasho. Akaomba naye achome.

"Mgeni kaja na njaa yake!" wakacheka, wakampa donge la unga.

"Mtoto wa nani wewe?" akauliza bibi mmoja.

Shamsa akaogopa kulitaja jina la mama. Wakimkana je? Akabaki kuupapasa unga, na kidole chake, bila kufikiri, kikachora mwezi mchanga na kuutoboa katikati, kama mama alivyofanya siku zote.

Kicheko kikakatika. Yule bibi akaopoa mkate wake tanurini, akauweka kando ya ule wa Shamsa. Mwezi ule ule, tundu lile lile. "Mtoto wa nani wewe?" akauliza tena.

"Wa Mwanasiti," akasema Shamsa.