Betri ya Mwisho

Kaliza alipitisha ukucha kwenye ukingo wa panga la kwanza la droni, taratibu, akitafuta ufa. Hakuuona. Akaenda kwenye la pili.

"Nionyeshe," Ngabo alisema kwenye simu. "Usinihadithie."

Akalisogeza karibu na kamera. Mumewe alikuwa kitandani, hospitalini India, mwili umekwisha lakini ukorofi wa fundi umebaki mzima. Kabla figo hazijagoma alipiga picha za harusi Kigali nzima kwa droni hiyo, na haikuwahi kumwangukia mtu. Michango ya kanisa ndiyo iliyompeleka India. Hivyo ndivyo Kaliza alivyomwambia. Sasa kila Jumapili asubuhi alimsimamia mkewe kwa simu, pale barabarani Kinyinya, akague kila kitu kabla ya kuirusha ili amwonyeshe nyumba inavyopanda.

Bila picha za nyumba Ngabo hali chakula. Nesi alisema hivyo, na Kaliza angeirusha hata kwenye mvua ya mawe.

"Mota?"

"Nimesugua na mswaki. Vumbi ya huku haina haya, Papa Kirezi."

"Kwa nini hauingii ndani, unarushia barabarani?"

"Sementi iko mbichi."

"Na mabati ya nyumba yetu, mbona ya bluu? Mimi nilisema nyekundu."

"Nyekundu iliisha maduka yote ya Gikondo."

Ng'ambo ya ukuta watoto walicheka. Kaliza akaziba maiki ya simu kwa kidole mpaka wakanyamaza.

"Betri."

Ilikuwa imebaki hiyo moja, na asubuhi aliiona imefanya kitambi. Ngabo alimfundisha mwenyewe: ilaze juu ya kioo, ikiyumba imevimba, na iliyovimba hairushwi.

"Iko sawa," alisema.

"Weka kwenye kioo."

Akatoa kioo cha mkobani, akailaza, akaikandamiza kwa kidole gumba.

"Toa kidole."

Akatoa. Ikayumba, Ngabo anaitazama.

"Leo tu," Kaliza aliomba, sauti ikimkatika. Alijichukia kwa kulia mbele ya mgonjwa. "Uone tu madirisha, kisha naitupa."

"Hapana."

"Usipoona utakataa kula tena."

"Nitakula. Iache, Mama Kirezi. Hiyo kitu ikizimika juu, itaangukia watoto."

"Watoto gani? Hapa hakuna watoto."

Ngabo alifumba macho, kama mtu aliyechoka kubeba mzigo peke yake.

"Wa wale uliowauzia kiwanja chetu," alisema.