Mwalimu wa Mzee Ambilikile

Tumpale alijibanza nyuma ya jiko, simu kaificha ndani ya kanga, akaandika haraka: "Kitenge kikichuja rangi, Waingereza husema rangi ime-run."

Upande wa pili wa ukuta, barazani, simu ya Mzee Ambilikile ikalia. Akasikika akicheka peke yake.

Mzee huyo ni baba mkwe wake. Hapo Ndandalo wengi wameziacha mila za zamani, lakini yeye kazishikilia: mke wa mwana haongei na baba mkwe wala hamtazami. Tumpale akimwona anakuja, hupitia migombani. Sasa mzee, tangu afiwe na mkewe, upweke ukamchosha, akamwomba mwanawe Gwamaka, mume wa Tumpale, amtafutie mwalimu wa Kiingereza wa kwenye simu. Gwamaka, mtundu tangu utotoni, akampa namba mpya ya Tumpale.

"Mwalimu yuko Kyela mjini," alidanganya.

Mzee mwenyewe akachagua waanze na "run". Mwezi wa pili huu, bado wako hapo hapo. Mtu hu-run, mto hu-run, injini, duka, mgombea ubunge, hata pua ya mwenye mafua. Tumpale alipopendekeza wahamie neno lingine, mzee aligoma katakata.

"Bado halijaniingia, mwalimu," aliandika. "Na unywe chai ya tangawizi, mafua ya msimu huu ni mabaya. Ndaga fijo, asante sana."

Tumpale aliyapenda mazungumzo hayo kuliko alivyothubutu kumwambia mtu. Hofu yake ilikuwa moja tu: siku mzee akijua anaongea na nani, aibu itayakatisha, na nyumba itarudi kuwa kimya.

Asubuhi hiyo akaja mnunuzi wa kokoa kutoka Lilongwe, Kiswahili hajui hata cha kuombea maji. Tumpale akatega sikio ukutani, roho juu. Mzee wa watu ataaibika!

Wapi! Mzee alibishana bei, akaisifu kokoa yake, akatania, yote kwa Kiingereza kilichonyooka.

"Umejifunzia wapi?" mgeni akauliza kwa lugha hiyo hiyo.

"Migodini Zambia, kabla sijaoa."

"Mbona humu kwenye simu uliyonipa niandike namba yangu kila ujumbe una 'run', kuna mtu anakufundisha?"

"Punguza sauti, yuko jikoni," mzee akanong'ona. "Ni mke wa mwanangu. Mila hairuhusu niongee naye, basi nikatafuta neno la Kiingereza lenye maana nyingi kuliko yote."