Mstari Chini ya Kikombe

Mpima madini alikibinua kikombe chake na kulikwaruza jiwe kwenye kitako cheupe. Dhahabu huacha mstari wa manjano. Huu ulikuwa mweusi tititi.

"Umenipata tena, Shemeji," aliuambia mlima uliokuwa ukifuka moshi juu ya hema lake. Aliuita Shemeji kwa sababu ulikuwa ukinuna kutwa bila kukosewa. Hii ilikuwa siku ya arobaini na moja, na hakukuwa na mwingine wa kutaniana naye kisiwani.

Saa kumi kamili redio ikakoroma.

"Mama Mawe, umepata chochote leo?" aliuliza fundi mitambo kutoka kambini, ng'ambo ya bahari. Nyuma yake watu walikuwa wakicheka, vijiko vikigonga sahani.

Akisema hapana, mashua ingemfuata mwisho wa mwezi ujao. Akisema ndiyo, kesho asubuhi wangetua watu saba na mashine ya kuchoronga miamba.

"Mama Mawe? Unanisikia?"

Jiwe lilimeremeta kiganjani. Asiyejua angelipigia vigelegele. Yeye alijua, na kwa miaka ishirini kazini alikuwa hajawahi kutoa taarifa ya uongo hata siku moja.

"Nakusikia." Sauti ilimtoka kavu, mpaka akaishangaa mwenyewe. "Nimepata. Njooni."

Kule wakalipuka kwa shangwe.

"Njooni wote," akaongeza.

Akaufuta ule mstari kwa kidole gumba. Kisha akatoa sandukuni vikombe ambavyo havikuwa vimeguswa tangu ateremke mashuani, akaanza kuvisuuza kimoja kimoja.