Sauti Sikioni mwa Sabaha

Siku hizo kila msichana wa timu ya taifa alicheza na sauti ya mtu mmoja sikioni, na mtu huyo alichaguliwa na mashine iliyopima moyo wa msichana. Kwa Sabaha, mashine ilimchagua Bi Tatu, mke mwenza wa mama yake. Mume wao alikwishafariki, nao walibaki nyumba moja. Basi siku ya fainali, Bi Mwanahawa aliyemzaa Sabaha alikaa mkekani kimya, maana kila kilichosemwa sebuleni kilimfikia mtoto.

"Hata usikohoe, mwenzangu," Bi Tatu alimnong'oneza, ameziba kinasa sauti kwa kiganja. "Utamshtua."

Dakika ya mwisho timu ya Sabaha ikapata penalti. Sabaha akautenga mpira, na sauti yake ikasikika sebuleni: "Mama, upo?"

Mwanahawa akafumbua kinywa.

"Nipo, mwanangu," akajibu Bi Tatu, taratibu. "Piga kama unavyozipiga ndoo zangu uani."

Sabaha akacheka.

Mwanahawa akainua mikono kuomba dua. Midomo iliomba mpira uingie. Moyo uliomba mpira upae juu ya mwamba wa goli, na tangu utotoni alifundishwa kwamba Mungu husikiliza moyo.