Hodi ya Nyundo

Kabla fundi wa nyaya za simu hajapanda nguzo, sharti Bi Zuwena, msimamizi wa mafundi, aigonge kwa nyundo na kutega sikio. Kwa fundi Chande, hizo zilikuwa mbwembwe tu.

"Bosi, wapiga hodi? Wenyewe wamesafiri!" alitania, mguu tayari ngazini.

Nguzo ililia kama debe tupu.

"Shuka. Mchwa wameimaliza kwa ndani."

"Hii? Imesimama tangu babu hajaoa!"

"Basi isukume, kuelekea kichakani."

Chande akaisukuma kwa bega huku akicheka. Nguzo ikainama, ikalala kichakani kama mlevi. Chande akajipapasa kifua, mbavu, magoti. Vyote vipo. Akashusha pumzi ndefu.

Kwenye nguzo iliyofuata, aliiomba nyundo mwenyewe. Akagonga, akabandika sikio, akangoja kukaribishwa.