Mawe Manne na Breki ya Mkono

"Mawe manne!" Fundi cherehani alichuchumaa kulichungulia gari alilonunua jana, akacheka. "Jiwe kila gurudumu, na breki ya mkono imevutwa mpaka mwisho. Mama, mlidhani litatorokea wapi?"

Mwenye nyumba, mama aliyemuuzia, hakucheka. Alikuwa ameshika beseni la maji ya sabuni aliloombwa la kuoshea gari, na maji yalikuwa yakimwagika kidogo kidogo miguuni pake.

Uwanja ulikuwa na mteremko, kutoka getini kushuka hadi ukuta wa nyuma. Pale ukutani, usawa wa goti, matofali machache yalikuwa mapya, hayajapakwa rangi. Bampa la nyuma la gari lilikuwa limebonyea upande mmoja.

"Gari likilala muda mrefu halivutwi breki ya mkono, mama yangu. Breki inashikana na ngoma yake kule ndani ya gurudumu, halafu kutu inawafungisha ndoa." Alikunja mikono ya shati. "Haya, ishushe tuanze."

Mama aliingia, akakaa kiti cha dereva. Akakawia.

"Imeganda," akasema.

Basi fundi akapiga jeki, akafungua magurudumu ya nyuma, moja baada ya jingine. Akatia oili kwenye ngoma, akasubiri inywe, akaanza kugonga pembeni kwa nyundo ndogo, kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi kwa mkwewe.

"Mimi sindano ikikwama kwenye jinzi naipaka sabuni tu. Hii inataka maombi! Jaribu tena, mama."

"Imeganda."

Dirisha la nyumba likafunguka. "Mama..." alianza mumewe, kisha akalimeza jina lililokuwa lifuate. "Mke wangu. Mwachie mtu gari lake liondoke leo."

Dirisha likafungwa.

"Naona unalipenda sana," alisema fundi, akijifuta jasho kwa kiwiko.

"Silipendi hata kidogo."

Jua lilikuwa limeshahamia upande wa pili wa gari kutu ilipoachia, ko! Fundi alirudisha magurudumu, akashusha jeki, akayasukuma mawe kwa mguu, yote manne.

"Toka sasa, nijaribu kwa mkono wa kiume."

Mama alitoka polepole. Fundi akakaa, akabonyeza kitufe cha breki ya mkono. Ikashuka laini kama sindano kwenye hariri.

"Kumbe haikuganda, ma..."

Gari lilianza kurudi nyuma.

Fundi alikanyaga pedali ya breki, ikazama bure. Kwenye kioo alimwona mama akikimbia ubavuni mwa gari, ndala zimemtoka, akalipita, akajibandika ukutani kwenye yale matofali mapya, mikono ameitanua.

"Vuta! Vuta!"

Fundi aliivuta kwa mikono miwili. Gari likasimama, bampa likiwa limegusa gauni.

Alishuka mbio. "Mama! Ungekufa! Unakinga nini hapo?"

Mkono mmoja wa mama ulikwenda nyuma yake, ukapapasa chini, usawa wa kichwa cha mtoto anayejifunza kutembea.

"Safari hii nimewahi," alisema.